Tovuti Iliyochomwa Moto

Kijana wa tovuti aliingia dukani mwetu mwezi wa sita, siku ambayo mume wangu alikuwa ndani ya nyumba ya ghorofa mbili akibandika mapazia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mianzi na karatasi, na paa lake lilinifika kifuani. Bun-siong alikuwa amepenyeza kichwa na mabega dirishani, sehemu nyingine yote ya mwili wake ikabaki nje juu ya mkeka, hata kijana yule, ambaye inaelekea alilelewa kwa adabu, akaiamkia miguu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba," nyumba ikajibu. "Khim! Kuna mtu?"

"Yupo," nikasema. "Kavaa tai."

"Tai? Kafiwa?"

"Hajafiwa. Anauza kitu."

Kwa kawaida anayeingia kwetu na tai amefiwa. Kazi yetu ni kuwatengenezea marehemu vitu vya kutumia huko waliko: nyumba, magari, vitanda, majokofu, simu na chaja zake. Jamaa hununua, huandika jina la marehemu wao, huchoma moto, na kitu kikamfikia mwenyewe. Bun-siong aliirithi kazi hii kwa baba yake na ameifanya tangu ujana katika chumba kile kile, hapa mjini Tainan, uchochoro wa nyuma ya hekalu. Lakini siku hizo viwanda vilikuwa vikichapa nyumba za kadibodi zinazokunjuliwa kama boksi la viatu, nao watu waliziagiza kwa simu wakiwa wamejilaza. Tena mwenye jengo letu, Bi. Sia, alikuwa ametutamkia wazi kwamba mkataba wetu wa pango ungekwisha pamoja na mwezi wa saba, na kwamba mtu mmoja amemwahidi kodi maradufu ili akijaze chumba mashine za kudaka midoli, zile ambazo mtu hutumbukiza sarafu, akashusha kucha za chuma, akaambulia patupu. Kumtoa Bun-siong katika chumba kile kulikuwa sawa na kumkata mikono. Nilikuwa nimemwona akizipapasa kuta alipodhani simtazami.

Kijana alijitambulisha kuwa ni Kuo Cheng-han, mtengenezaji wa tovuti za biashara ndogo ndogo.

"Siku hizi, Baba Mkubwa, duka lisilo na tovuti ni kama halipo."

"Lipo. Umejigonga mlangoni sasa hivi."

"Namaanisha kwa wateja."

"Bei gani?" nikauliza mimi, kwa kuwa mazungumzo ya biashara yasiyo na bei ni umbeya tu.

Kuo akashusha pumzi. "Kuisanifu, elfu hamsini. Picha, elfu ishirini. Jina lake na mahali pa kuiweka, elfu kumi, hiyo ni kila mwaka. Na elfu kumi nyingine ya kumwelewa mtumiaji."

Elfu tisini. Kwa pesa hiyo tungelipa pango nusu mwaka.

"Ya kumwelewa nani?" akauliza Bun-siong, ambaye sasa alikuwa ametoka dirishani na kipande cha pazia kimemganda kichwani.

"Mtumiaji. Kabla ya yote tunajiuliza: mtumiaji ni nani? Yuko wapi? Ana simu ya aina gani? Haya, kwa mfano, mtumiaji wa vitu vyako wewe ni nani?"

"Wafu."

Kijana akacheka, kisha akagundua kuwa anacheka peke yake. "Hapana, nauliza mteja, Baba Mkubwa."

"Mteja ni anayelipa. Wewe umeniuliza anayetumia. Anayetumia amekufa."

"Sawa... Na, eh, ana simu?"

"Nimewachomea simu tangu zile zenye antena. Hakuna marehemu mtaa huu asiye na simu. Wengine wana mbili."

"Basi kimsingi," akasema Kuo, kwa sauti ya mtu anayerudia alichokariri darasani, "tovuti inatakiwa iwe pale mtumiaji alipo."

Nikamtazama mume wangu. Nimeishi na uso ule tangu nikiwa msichana, na ninajua unavyokuwa kabla hajaharibu kitu.

"Elfu kumi hiyo ya kumwelewa ni ya haki kabisa," akamwambia Kuo. "Ningekuwa nayo ningekulipa. Khim, mpe kijana chai."

Kesho yake niliporudi kutoka sokoni nilimkuta amesimamisha fremu ya mianzi, kimo cha mlango, na amelaza karatasi za mafuta sakafuni zikauke.

"Hii nini?"

"Tovuti."

"Ya karatasi?"

"Khim, watu wangu wote wako kule. Nikiiweka huku, nani ataisoma? Watoto wao? Watoto wao ndio hao wananunua kadibodi! Lakini baba mtu akimtokea mwanawe ndotoni akamwambia, 'Nataka kitanda cha Siong, kile chenye droo,' mtoto ataenda kumnunulia kadibodi? Thubutu!"

Nikapeleka kikapu jikoni, nikiwa nimekereka kuliko upumbavu wenyewe ulivyostahili.

Nitasema kweli: ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa na kioo cha karatasi ya mafuta kilichoangaza kikiwekewa taa nyuma, na kurasa zilizofunuliwa kwa uzi wa hariri. Katika kila ukurasa alibandika vitu vidogo vidogo vilivyotimia: kitanda chenye droo, gari lenye honi, mashua ya buluu, jokofu lenye barafu ya pamba. Chini ya kila kimoja paliwekwa kitufe chekundu kilichoandikwa AGIZA. Palikuwa pia na kisanduku cha kutafutia, nacho kilikuwa kisanduku kweli, chenye mfuniko. Nilipomwambia kwamba katika tovuti nilizoziona kwenye simu ya dada yangu huwa kuna mtu anayeuliza, "Naomba nikusaidie," akatengeneza binti wa karatasi, akamkalisha pembeni, mdomo wazi. Gharama yake yote ilikuwa mianzi iliyosalia, karatasi, gundi ya unga wa mchele, na kitambaa changu cha meza cha sikukuu, ambacho sikuombwa.

Kosa alilifanya mwishoni. Hakuna kitu kinachotoka dukani mwetu bila jina la anayepelekewa, kwani kisicho na jina hunyakuliwa njiani na wafu wanaorandaranda. Bun-siong aliichovya brashi katika wino, akaiinua, akasita.

"Tangazo haliandikiwi mtu mmoja," akasema.

"Andika jina," nikamwambia. "Jina la yeyote. La baba yako."

"Baba anajua bidhaa zangu tayari."

Akaandika kwa mwandiko wake bora: *Kwa wote waliowahi kula wali katika mtaa huu.*

"Unaalika watu usioweza kuwalisha," nikamwonya.

"Nawaalika wanunue, sio wale."

Aliichoma siku ya kwanza ya mwezi wa saba, katika tanuri la hekalu, siku ambayo milango ya kule hufunguliwa na wafu huruhusiwa kutembea. Iliwaka vizuri. Binti wa karatasi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuungua, naye mdomo ulikuwa bado wazi.

Asubuhi yake Bi. A-tho, jirani yetu auzaye tambi za samaki mkunga, aliingia dukani na upawa mkononi.

"Shemeji Khim! Mumeo yuko wapi? Mtoe!"

"Kafanya nini?"

"Kafanya nini! Mume wangu A-gi kanitokea! Kafa miaka kumi na moja, hajaja hata kuniuliza nimekula nini. Leo kaja, hasalimii, kakodolea simu, ananiambia, 'Mama watoto, ukurasa wa tatu, mashua ya buluu.' Mashua! Mtu aliyekuwa akitapika kwenye kivuko!"

Bun-siong alichungulia kutoka nyuma ya majokofu. "Ukurasa wa tatu," akasema polepole, "ni ya buluu kweli."

"Najua ni ya buluu, kanieleza mpaka rangi ya makasia! Bei gani?"

Kabla hajamaliza kulipa, Bwana Kang alikuwa mlangoni. Bwana Kang ni dereva mstaafu wa garimoshi, mtu asiyependa maneno. Alivua kofia. "Baba anataka garimoshi," akasema. "La makaa. La umeme hataki. Na filimbi."

"Filimbi ni juu ya bei," akajibu Bun-siong, ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kutoza kitu chochote juu ya bei.

Wakaja. Walikuja wakiwa na usingizi machoni na aibu usoni, kila mmoja akianza kwa kusema kwamba yeye haamini mambo haya. Shangazi wa mtu alitaka jokofu. Mama mkwe wa mtu alitaka kitanda, lakini kiwekwe chumba tofauti na cha mumewe. Bun-siong alifanya kazi mpaka vidole vikapauka kwa gundi, akiimba. Pesa ya pango, hata lile jipya, ikaanza kuonekana kama jambo linalowezekana. Marehemu nao walijifunza haraka. Bibi yake Kang alimtokea mjukuu na kumwambia kwamba ametoa nyota mbili: kitanda kizuri, droo moja haifunguki. Siku hiyo Bun-siong hakula.

"Nyota mbili," akawa anarudia. "Ile droo niliijaribu mwenyewe."

Tatizo la mwaliko ule likajitokeza baadaye kidogo. Watu wengi wamekula wali katika mtaa wetu. Mji huu ni wa zamani, na wengine walikula wali humu kabla ya mababu zetu kuvuka bahari. Wasio na kizazi hawakuwa na wa kumtokea, basi walimtokea yeyote aliyelala karibu. Daktari wa meno, Lim, mtu wa vipimo na dawa, alitokewa siku tatu mfululizo na Mholanzi, mmoja wa wale walioutawala mji huu zamani, mwenye ndevu nyekundu na kola pana, ambaye, kwa kuwa hawakuelewana lugha, alipiga magoti kitandani na kulia kama farasi.

"Anataka farasi," nikamweleza daktari.

"Hilo nimeligundua, Mama! Ninachouliza ni kwa nini nimlipie mimi!"

Wafu hawana mishahara, hivyo hawana kiasi. Katikati ya mwezi wa saba majirani walikusanyika mbele ya duka letu, na hawakuja kununua.

"Siong, izime!" akapaza sauti Kang, ambaye sasa alikuwa amepata maneno. "Nimempa mzee garimoshi. Sasa anataka stesheni. Ananiuliza, 'Litasimama wapi?'"

"Mimi mashua nimetoa," akasema Bi. A-tho. "Juzi kaagiza nahodha. Wa kike! Nikamwuliza, A-gi, wa kike wa nini? Kasema ndio waliopo kwenye tovuti!"

"Ni binti wa kusaidia wateja," Bun-siong akajitetea. "Hauzwi."

"Basi kamwambie yeye!"

"Na farasi!" akasema Daktari Lim.

"Kakopeni basi!" akajibu mume wangu, jambo ambalo halikuwa la busara, na kelele zikazidi mpaka kuhani wa hekalu akafunga madirisha.

Ni katika kelele hizo ndipo Kuo Cheng-han alipotokea tena, bila tai. Alipenya katikati ya watu, akasimama mbele ya Bun-siong, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba Mkubwa, bibi yangu aliuza maandazi ya mvuke pale kona. Zamani. Umemjua?"

"Bi. Kuo wa maandazi? Alinikopesha mara nyingi."

"Kanitokea. Kaniambia, 'Mjukuu wangu, hii ndiyo tovuti. Mtu anaielewa hata bila miwani. Za kwako je?'" Akajipapasa shingoni, mahali pa tai. "Mimi natoza elfu tisini, Baba Mkubwa."

"Alitaka nini?"

"Sufuria ya mvuke. Lakini hawa wanasemaje? Wanataka uifunge?" Hapo akawa tena mtu wa kazi yake, akakunja mikono ya shati. "Haya. Inafungwaje?"

"Haifungwi. Imeungua."

"Hukuweka njia ya kuifunga?"

"Wewe ulinitajia bei ya kufungua. Ya kufunga hukuitaja."

Kuo alifikiri, huku mtaa mzima ukimngojea. "Sisi mambo yakishindikana," akasema, "huwa tunaweka kibao."

Walikitengeneza hapo hapo. Kuo alitoa maneno, Bun-siong akatoa mwandiko, na maneno yenyewe yalikuwa haya: *Samahani kwa usumbufu. Tovuti iko katika matengenezo.* Juu yake Bun-siong aliandika tena, kwa mkono uliolegea, kwamba ni kwa wote waliowahi kula wali katika mtaa huu. Kikachomwa. Kuo alikataa malipo; alisema hicho ndicho kitu pekee katika kazi yake ambacho hata yeye haoni haya kukitoa bure.

Mtaa ukalala. Hakuna aliyetokewa na mtu. Hakuna aliyekuja dukani pia.

Siku chache baadaye Bi. Sia alimtuma mpangaji wake mpya aje kupima chumba. Aliitwa Teng, kijana mwenye heshima, mwenye utepe wa kupimia kiunoni.

"Samahani, Baba Mkubwa, naomba nipitishe hapa. Na hapa. Mashine kumi na mbili zitaenea, eh? Ukuta huu ni imara?"

"Imara," akasema Bun-siong, naye akasogeza kitanda cha karatasi ili utepe wa mtu anayemfukuza unyooke vizuri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hizo mashine zako zina makelele?"

"Zinaimba tu. Ule muziki huwa hauzimwi."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa majibu ya hospitali. Mimi niliingia jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ni jikoni humo ndipo Bi. A-tho aliponikuta. Aliingia kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na hakuwa na upawa.

"Kimya sana, shemeji," akasema.

"Umelala vizuri?"

"Nimelala vizuri. Ndiyo shida." Akakaa kwenye kigoda. "Miaka kumi na moja, Khim. Halafu anakuja kuniomba mashua, basi nikamtukana. Nikamtukana mpaka kumekucha. Nilikuwa na mengi ya kumtukana, alikufa ghafla mno, unakumbuka, sikuyamaliza. Kesho yake karudi, nikaendelea nilipoishia. Sasa hayupo. Nimebaki na yale ya pesa za harusi ya mdogo wake, hayo hata sijayagusa."

Bun-siong alikuwa amesimama mlangoni, na sikujua amesikia kiasi gani.

"Nikufungulie?" akauliza.

"Ukifungua watarudi wote. Na yule wa farasi."

"Sio nikiandika jina." Alilisema kama mtu anayekumbuka kitu alichofundishwa utotoni akakidharau. "Nikutengenezee ndogo, ukurasa mmoja. Juu naandika A-gi, tarehe yake, kijiji chake. Haitamfikia mtu mwingine."

"Bila nahodha."

"Bila nahodha."

"Bei gani?"

Bun-siong akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Kuo, ambaye siku hizo alikuwa akija kula kwetu na alikuwa mezani na bakuli la wali wa nyama.

"Elfu moja," akasema Kuo haraka, mdomo umejaa. "Kila mwaka. Mwezi wa saba ukifika, unalipa tena."

Nilitegemea Bi. A-tho atang'aka. Alifungua pochi.

Alituapisha tusimwambie mtu, na hatukumwambia. Hata hivyo jioni hiyo niliona kivuli katika uchochoro wa nyuma, nikatoka na ufagio. Alikuwa Bwana Kang, ameinama kando ya mapipa.

"Natafuta paka," akasema.

"Kang, wewe huna paka."

"Ndiyo maana namtafuta." Akavua kofia. "Shemeji, stesheni bei gani? Mzee ana haki. Garimoshi lazima lisimame mahali."

Wakaja wote, mmoja mmoja, kwa nyuma, kila mmoja akituapisha. Hata Daktari Lim alikuja. Alisema kwamba kwa mtazamo wa kitabibu hana imani na jambo hili, lakini yule mtu amevuka bahari nzima na hana mtoto wala mjukuu, basi ikiwezekana aandikiwe ukurasa mdogo, wenye farasi mmoja tu. Jina lake hatukulijua. Bun-siong aliandika, *Kwa mgeni mwenye ndevu nyekundu*, nalo likatosha, kwa kuwa asubuhi iliyofuata daktari alikuja akitabasamu, na hakutaka kutueleza kwa nini.

Tulipata pesa ya pango la zamani kwa mwaka mzima. Pango jipya lilikuwa maradufu, na mwezi wa saba ulikuwa unaisha. Bun-siong alianza kufungasha brashi zake katika magazeti.

Bi. Sia hakuja kwa mlango wa nyuma. Mwanamke yule amenyooka kama ufagio uliosimamishwa, na jengo ni lake. Aliingia kwa mbele, akatazama magazeti, akatazama dari, kisha akanitazama mimi. Huniita Mwalimu, kwa kuwa niliwafundisha wanawe kusoma.

"Mwalimu, nasikia watu wote mtaa huu wametokewa."

"Wengi wao."

"A-tho katokewa. Kang, tena na ukoo mzima. Daktari katokewa na mzungu." Akaugusa ukuta. "Mume wangu alilijenga jengo hili. Amekula wali humu maisha yake yote. Tangu mmeanza hiyo kitu yenu, mzee Sia hajaja hata mara moja. Nimelala mapema. Nimelala mchana! Hakuna." Akamgeukia Bun-siong. "Hakuona kitu cha kumfaa?"

"Labda ana kila kitu, Bi. Sia. Mazishi yake mlimpa nyumba ya ghorofa nne. Mimi ndiye niliyeijenga."

"Sijakuuliza ana nini! Mtengenezee ukurasa. Jina lake liwe kubwa. Andika kwamba sijahama. Andika bado nalala upande ule ule."

Bun-siong akafunga brashi nyingine katika gazeti. "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Tovuti inabeba anwani ya duka. Mwezi ukiisha hapa ni midoli. Mzee akibonyeza, atakuta midoli."

Niseme wazi kwamba mume wangu hakuwa akifanya hila. Hana kipaji hicho. Alikuwa akieleza taratibu za kazi, na Bi. Sia aliyajua hayo, ndiyo maana yalimgusa.

Akahamishia mkoba mkono wa pili. "Mtengenezee," akasema. "Akija kabla ya mwezi kuisha, mnabaki, kwa kodi ile ile. Asipokuja, Teng anaingia. Mimi nimemwahidi mtu, siwezi kumvunjia neno kwa karatasi."

Bun-siong alitengeneza ukurasa ule kana kwamba ni jumba la mfalme. Aliweka kiti cha kuegemea, seti ya chai, ndege katika tundu, viatu vya ndani vyenye manyoya. Binti wa karatasi safari hii alipewa sura ya mama mtu mzima, asilete maneno. Tukauchoma. Bi. Sia akawa anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye kigoda kati ya majokofu, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri basi, na hatukuhitaji kumwuliza. Asubuhi zikapita. Brashi zote zikawa zimefungwa.

Siku ya mwisho ya mwezi, lori la Teng lilisimama mlangoni na mashine ya kwanza, imefunikwa blanketi. Bi. Sia hakuwa amefika. Tulimngoja. Teng aliomba radhi, akaifunua mashine ili angalau isipate joto, akaomba radhi tena.

Akaja. Nywele hazikuchanwa, na ndala alizovaa zilikuwa za jozi mbili tofauti.

"Kaja," akasema.

Nikamsogezea kigoda, hakukaa.

"Hakusalimu." Uso wake wote ulikuwa umelegea, umekuwa wa msichana. "Kakaa kitandani upande wake, kavua viatu, kasema miguu inamuuma. Nikamwambia, wewe lini miguu haikukuuma? Ukae siku zote hizo, halafu uje na miguu? Kasema alikuwa anaogopa kuniamsha. Mimi! Kuniamsha!"

"Kaagiza?" akauliza Bun-siong, kwa sauti isiyosikika vizuri.

Bi. Sia akatazama nje, kwenye lori, kisha akatutazama sisi kwa hasira, kana kwamba ni sisi tuliomfundisha marehemu.

"Mashine ya kudaka midoli."

"Hiyo haimo kwenye ukurasa," akasema mume wangu.

"Ndivyo nilivyomwambia! Kasema, 'Mwambie Siong aiongeze. Huku watu wanakaa tu.'"

"Na mkataba?" nikauliza, kwa kuwa lazima mtu mmoja awe na akili.

"Mkataba nini, Mwalimu? Siong akiwa hayupo dukani ataitengenezaje? Kodi ile ile. Na wewe kijana," akamwambia Teng, "nina chumba kingine, kule karibu na shule, kizuri kuliko hiki, usinitazame hivyo."

Teng hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Bun-siong, aliyekuwa amepanda lorini bila kuomba ruhusa, akaizunguka mashine, akaigonga kioo, akapima upana wake kwa shubiri, akafungua mlango wa nyuma na kupenyeza kichwa na mabega ndani, hata ikabaki miguu tu.

"Baba Mkubwa," Teng akaiuliza miguu, "niondoke nayo, au niishushe?"

"Ishushe," mashine ikajibu. "Nataka kuona hizi kucha zinavyodanganya watu."